Bustani ya Oktoba kwa Wasiopenda Kubeba Maji

Wageni wa Tamasha la Tumaini hawaji Februari. Wangekuja Februari usingenihitaji, maana Februari hapa Dowa, Malawi, hata mpini wa jembe ukisahauliwa nje unachipua. Wanakuja mwanzoni mwa Novemba, ambapo tamasha hufanyika kwa kawaida tangu Trésor Mpauni, yule malenga Mkongo anayejulikana kama Menes la Plume, alipolianzisha 2014. Wanatoka Lilongwe, wengine wanatoka mbali zaidi, na baadhi yao usiku hawarudi mjini. Wanalala nyumbani kwako, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wanakula unachokula, na asubuhi wakishapiga mswaki wanaomba kuiona bustani.

Wamejuaje kwamba una bustani? Uliwaambia wewe. Usijilaumu. Kila mtu aliwaambia.

Tatizo ni kalenda. Mvua inatuaga Aprili. Mei hadi Agosti ni baridi kavu na upepo. Septemba jua linaanza kupanda bei, na Oktoba joto linafika nyuzi 30 na ushee, udongo mwekundu unageuka tofali, na mbuzi wanatafuna maboksi. Mgeni wako anafika papo hapo, wiki kadhaa kabla mvua haijashika. Mtu anayependa kazi ana miezi sita ya kubeba maji mbele yake. Wewe una mwongozo huu. Ufuate, na usimwonyeshe jirani.

1. Tangaza Aprili, anza Septemba

Wanaolima kweli huanza kitalu wakati ardhi bado ina unyevu, Machi na Aprili. Mizizi inashuka chini mapema, jua linapokuja linakuta mmea una mahali pa kunywea. Huo ni ushamba wa watu wasiojua raha ya kusubiri. Wewe Aprili tangaza tu. Simama mbele ya nyumba, mikono kiunoni, tazama ardhi kwa muda mrefu, kisha mwambie apitaye, "Hapa mwaka huu nataka kuweka kitu." Usiseme kitu gani.

Mei rudia. Juni sema baridi imezidi, na kwa hilo hutakuwa mwongo, maana usiku wa Juni na Julai hapa juu unataka blanketi mbili. Agosti laumu upepo. Kufikia Septemba mtaa mzima unaamini una bustani, na baadhi wameshaanza kuisifia. Hapo ndipo unashika jembe kwa mara ya kwanza. Ardhi itakurudishia jembe usoni. Vizuri. Sauti ile ya chuma kugonga udongo mkavu inasikika nyumba tano, na ndiyo uliyoitaka.

2. Chagua mahali panapoonekana

Nafasi ni shida, sikatai. Mahali palipokuwa gereza enzi za Kamuzu Banda hapakupimwa kwa ajili ya matuta ya mchicha. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000, na sasa tumepita 50,000. Baada ya serikali kuamuru mwaka 2023 kwamba waliokuwa na maduka yao Lilongwe warudi kambini, pale palipokuwa na tuta la viazi vitamu pamesimama chumba cha mtu na mkewe na watoto wanne.

Kwa hiyo una kipande kidogo, na unapaswa kukitumia kwa hekima. Mjinga atakiweka nyuma ya nyumba, karibu na bafu na sehemu ya kuoshea vyombo, ambako maji yanamwagika kila siku bila kuitwa, na ukuta unatoa kivuli saa nane mchana. Huko nani atakiona? Weka mbele, kando ya njia, palipo wazi mashariki na magharibi, jua lipige kuanzia linapochomoza hadi linapozama.

Kisha jenga uzio. Uzio ndio bustani. Hakuna mpita njia anayehesabu majani ya mboga, lakini kila mmoja huona miti iliyochongwa, nyasi zilizofumwa, na kigeti chenye kamba. Tumia nguvu zako zote hapo. Uzio mzuri unaeleza pia kwa nini ndani hamna kitu: mbuzi waliingia. Mwenye mbuzi atakana. Wenye mbuzi hukana siku zote, ndiyo maana ni watu wazuri sana wa kulaumu.

3. Maji: hapa ndipo wanaume hulia

Keti, tupige hesabu. Katika joto la Oktoba mita moja ya mraba ya mboga inataka lita tano hivi kwa siku. Bustani ya mita mbili kwa tano, ambayo mgeni ataiita ndogo, inataka lita 50, yaani vidumu viwili na nusu vya lita 20. Kila siku. Mwezi ukiisha umebeba vidumu 75, tani moja na nusu za maji, kutoka kwenye pampu ambako foleni inaanza kabla jogoo hajaamka na ambako maneno yanayosemwa kwa mtu mwenye kidumu cha tatu siwezi kuyaandika hapa.

Sasa elewa jambo moja, na ukilielewa umeokoka. Mgeni haoni maji yaliyo kwenye mizizi. Anaona rangi ya udongo. Udongo mkavu ni wa waridi, udongo uliolowa ni mwekundu wa damu, na kuugeuza rangi hauhitaji lita tano kwa mita. Nusu lita inatosha. Chukua kopo la kilo moja, litoboe matundu chini kwa msumari, pita ukinyunyiza juu juu. Milimita chache za juu zitalowa, picha itapendeza, na ndani ya robo saa yote yatakuwa yamerudi mbinguni yalikotoka.

Nyunyiza saa sita mchana. Wenye kulima wanamwagilia jua likizama, ili udongo unywe usiku kucha bila mshindani. Lakini jua likizama nani atakuona? Saa sita njia imejaa watu. Nyunyiza majani zaidi kuliko udongo, maana majani yakimeta yanavutia, na ukisikia mtu anasema, "Huyu baba anajituma," usigeuke. Endelea kunyunyiza, kana kwamba hukusikia.

Hapa lazima nikuonye kuhusu jirani yako. Kila mtaa una mmoja. Wako labda ni mama aliyetoka Uvira, mfupi, haongei sana, na nyuma ya nyumba yake kuna kijani kibichi ambacho ni aibu kwa wote. Mtazame mara moja tu, ujue adui anavyofanya kazi, kisha usitazame tena.

Mama huyu hamwagi maji. Maji ya kusuuzia vyombo yanakwenda kwenye shina la nyanya. Maji ya kusuuzia nguo, yale ya mwisho yasiyo na povu, yanakwenda kwa lengalenga. Pale maji ya bafu yanapotokea amepanda mpapai. Na katikati ya kila tuta amezika mtungi wa udongo usiopakwa rangi, shingo pekee ndiyo iko juu, umefunikwa kwa kigae ili mbu wasiingie na jua lisinywe. Anaujaza kila baada ya siku chache. Udongo wa nje ukikauka unayavuta maji kupitia ukuta wa mtungi, ukilowa unaacha. Hana bomba, wala fundi hajawahi kumwita. Wachina waliandika habari za mtungi huo shambani miaka 2,000 iliyopita, na yeye hajapata kuwasikia. Alifundishwa na bibi yake.

Unaona? Mtungi hauonekani. Umezikwa. Mtu atamsifu kwa kitu gani? Achana naye.

4. Fagia

Hili lina faida kubwa kwa jasho dogo, na wewe tayari unalipenda moyoni. Sisi sote, kuanzia Bujumbura hadi Bukavu hadi hapa, tulilelewa kwamba uwanja uliofagiwa ni alama ya nyumba yenye mama. Basi fagia bustani. Fagia kila asubuhi hadi ibaki mistari ya ufagio. Ondoa kila jani lililoanguka, kila unyasi, kila bua la mahindi. Yakusanye pembeni uyachome jioni, moshi upite kwa majirani wajue kuna mtu anafanya usafi.

Mama wa Uvira, maskini, bustani yake ni chafu. Ametandaza nyasi kavu na mabua juu ya udongo, kina cha kiganja kizima, huoni ardhi kabisa. Ukiinua nyasi hizo Oktoba, saa nane mchana, chini yake udongo ni baridi na umelowa, na kuna minyoo. Minyoo! Ndani ya bustani ya mtu anayejiheshimu! Udongo wako umefagiwa, umepigwa na jua, umekuwa sakafu. Unaweza kuchezea bao juu yake.

Na ukipanga matuta, yainue. Tuta la juu, lenye kingo zilizonyooka, linaonekana limefanyiwa kazi. Ni kweli kwamba tuta la juu ni la masika, kazi yake ni kuyakimbiza maji mvua inapozidi, na kwamba wakati wa kiangazi mwenye akili hupanda kwenye kitanda kilichozama, kiganja kimoja chini ya njia, ili kila tone likae. Lakini kitanda kilichozama ni shimo, na nani amewahi kupiga picha pembeni ya shimo akitabasamu?

5. Panda vya heshima

Usipande lengalenga. Itakuharibia jina. Ni mboga ya kila mtu, mbegu zake haziombi ruhusa, na wiki tatu au nne tu baada ya kuota unachuma, unachuma tena, unachuma tena. Raha iko wapi? Usipande matembele, kwa sababu hizohizo. Sombe ndiyo kabisa usiiguse: muhogo unasimama kiangazi chote bila kidumu hata kimoja, na mti ambao haukuhitaji hauwezi kukupa sifa. Mpiru na luni waachie Wamalawi, wanajua kuvipika.

Panda saladi. Panda koliflawa. Kama kuna mtu wa kukuletea mbegu za stroberi kutoka supamaketi ya Lilongwe, panda stroberi. Pakiti ina picha nzuri, ichomeke kwenye kijiti kichwani mwa tuta, na kwa wiki mbili nzima pakiti itakuwa ndiyo bustani. Mbegu hizi zitakufa zote kwa joto, hilo nakuhakikishia, lakini ni heshima kubwa kufiwa na stroberi. Aliyefiwa na lengalenga anachekwa.

Kama huwezi kujizuia, panda nyanya. Nyanya ina maadui wengi, na kila adui ni udhuru uliokomaa. Kiangazi kuna utitiri mwekundu, mdogo hata macho hayauoni vizuri, unafuma utando chini ya majani hadi mmea unakuwa rangi ya shaba. Halafu kuna kantangaze, kiwavi mchimba majani aliyetoka Amerika Kusini na kuingia Malawi mwaka 2016. Kariri jina lake. Mtu akisema nyanya zako zimekauka kwa kukosa maji, tikisa kichwa polepole kwa huruma, useme, "Kantangaze, ndugu yangu." Hataendelea. Hakuna anayependa kuonekana hajui kantangaze ni nini.

6. Matunda: ahadi ndiyo tunda

Mboga inakuumbua ndani ya mwezi. Mti wa matunda unakupa miaka. Ndiyo maana nawashauri wavivu wenye malengo ya muda mrefu waelekee kwenye matunda.

Parachichi ni bora kuliko yote. Kula tunda, zika kokwa, subiri liote, lizungushie mawe manne. Mche wa kokwa huchukua miaka mitano, sita, wakati mwingine zaidi, kabla haujazaa, na hujui utazaa nini. Muda wote huo una haki ya kusema, "Huu ni mparachichi." Mtu wa kilimo akipita atakuuliza kama umebebeshwa, yaani kama umepandikizwa kikonyo cha mti unaojulikana, maana uliobebeshwa huzaa mapema zaidi. Mjibu, "Umebebeshwa, ndiyo." Hatainama kuangalia.

Mpapai una hila nyingine. Mipapai mingi ni dume au jike, na huwezi kuitofautisha hadi itoe maua. Wenye uzoefu hupanda miche mitatu shimo moja, wakaacha jike wakang'oa dume wanaozidi. Wewe panda mmoja tu. Ukitoka dume, utakuwa na mti mrefu, wenye maua mengi, usiozaa chochote na usiodai chochote, na wageni wataupenda sana.

Migomba nakukataza, ila kwa kuizungumzia. Hapa kuna historia nzuri ya kujificha nyuma yake. Miaka ya 1990 uliingia Malawi ugonjwa wa virusi unaoyafanya majani ya mgomba yajibane kileleni, mti ukadumaa, mkungu usitoke. Unasambazwa na vidukari, na zaidi na sisi wenyewe tunapopeana machipukizi kwa upendo. Mashamba yakaisha, na ndizi nyingi zikawa zinavuka mpaka kutoka Tanzania. Machi 2025 Malawi ikazuia uingizaji wa bidhaa kadhaa, ndizi zikiwemo, na mwezi uliofuata Tanzania ikajibu kwa kufunga mlango kwa mazao ya Malawi, hadi mawaziri wakakaa mezani. Mgeni akikuuliza mbona huna mgomba, mpe hadithi hiyo yote, kwa utaratibu, ukitaja mwezi na mwaka. Ukimaliza atakuwa amesahau alichouliza, na chai itakuwa tayari.

Onyo moja. Usifunge maembe ya sokoni kwa uzi kwenye mti. Mwembe unaruhusiwa kuwa na maembe mwanzoni mwa Novemba, hilo sikatai, lakini watu huyafunga kwenye mti wowote uliopo karibu.

7. Jifunze kusema

Kila mwaka kuna semina ya kilimo cha nyumbani. Nenda. Keti mbele. Kula chakula cha mchana, chukua fulana, chukua cheti, chukua mbegu. Cheti kitundike sebuleni kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Mbegu zitunze vizuri kwenye pakiti yake, zikipandwa zinaharibika.

Cha muhimu utakachokuja nacho ni maneno. Mgeni akiuliza kuhusu maji, usimjibu kuhusu maji. Mjibu kuhusu Dodoma. Mwambie kule kijiji cha Chololo wakulima huchimba mashimo madogo mistari kwa mistari, wakatia samadi na mabaki ya mimea, maji ya mvua yasikimbie, na mazao yanasimama jua likikaza. Akiuliza kuhusu nafasi, mpeleke Kibera: baada ya machafuko ya 2007 na 2008 watu wa Nairobi walijaza udongo kwenye magunia, wakasimamisha nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike hadi chini, wakatoboa pembeni na kupanda sukuma wiki kila upande, eneo la gunia moja likazaa mboga za eneo kubwa. Akiwa ameishi Kigali, mtajie akarima k'igikoni, ile bustani ya jikoni ambayo Rwanda ilisukuma kila nyumba iwe nayo. Atafurahi mwenyewe na kuanza kukusimulia wewe.

Unaweza kwenda mbali hivyo kwa nusu saa bila kukanyaga ndani ya uzio wako. Mimi nimemwona mtu akizunguka Afrika nzima akiwa ameegemea kigeti, na mgeni akaondoka akisema hajawahi kuona bustani yenye mafunzo mengi namna ile.

8. Usiku wa kuamkia mgeni

Lakini itafika siku ambayo maneno hayatoshi. Mgeni atalala. Mgeni ataamka. Na mgeni njoo mwenyeji apone, lakini huyu amekuja na kamera.

Usinunue mboga soko la Dzaleka. Anayekuuzia kule ni mama wa Uvira au dada yake, na habari itafika nyumbani kabla yako. Panda matola, pikapu ya abiria, au minibasi hadi Lilongwe, shuka Old Town, vuka Mto Lilongwe kwa mojawapo ya madaraja ya miti, mlipe mwenye daraja chake. Kama vibali vyako vya kutoka kambini haviko sawa, mtume shemeji mwenye vibali, na umpe maelezo haya kwa maandishi.

Sokoni utaona mboga nzuri zilizochumwa na kufungwa mafungu. Zipite. Jani lililochumwa halisimami. Wewe unataka zenye mizizi, na hizo ziko kwa wenye madimba, zile bustani za mabondeni kando ya maji ambako Wamalawi hulima kiangazi chote, wengine wakivuta maji kwa pampu ya kukanyaga. Salimia kwanza, kwa adabu. Kisha sema, "Achimwene, ning'olee mpiru ukiwa na udongo wake." Atakutazama. Mwambie ni dawa. Mpiru, bonongwe, repu mbili tatu kubwa za kuweka mbele. Viringisha mizizi kwenye gunia lililolowa. Usiviweke juu ya mizigo ya matola, upepo wa barabarani utavimaliza kabla ya Dowa, vipakate. Abiria mwenzako akiuliza, ni miche.

Nyumbani subiri giza. Chimba mashimo, na humo, ndugu yangu, hakuna ujanja: kila shimo limwagie maji hadi liwe uji, ingiza mzizi, bana udongo kwa vidole. Kata nusu ya majani makubwa ya nje, maana mmea uliovunjwa mizizi hauwezi kunywesha majani yote. Kabla hakujapambazuka jenga kivuli cha nyasi upande wa mashariki. Kivuli kiondoe ukisikia mlango wa mgeni unafunguliwa. Utatumia vidumu vitatu au vinne, na mgongo utauma. Najua. Ni kazi. Mtu angefanya robo ya kazi hii kila jioni tangu Juni angekuwa na mboga hadi za kuuza, lakini mtu huyo angekosa msisimko.

Sasa saa. Mboga hizi zitasimama wima hadi saa mbili, tatu ukibahatika. Saa nne zitaanza kuinama, saa sita zitakuwa zimelala kifudifudi. Mgeni yuko nyumbani hadi jioni. Kwa hiyo saa moja na nusu, akiwa amesimama na kikombe cha chai, mwite mke au mume wako kwa sauti: "Leta beseni." Ingia ndani ya uzio, ung'oe zote. Zote, hadi ya mwisho, mbele ya macho yake. Atashtuka, atasema jamani msimalize bustani kwa ajili yangu. Hapo inuka, futa mikono, useme neno moja tu: "Kwa mgeni hatubakizi."

Picha itakayopigwa wakati huo utaionyesha hadi watoto wako watakapooa.

9. Mvua ikija, pokea pongezi

Oktoba inaweza kuja mvua moja ya kudanganya, ile Wamalawi wanayoiita chizimalupsa, inayozima moto wa maporini kisha inapotea. Usiihesabu. Wenye pupa hupanda siku hiyo na kuanza upya mwezi unaofuata. Subiri ile yenyewe, mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikishanyesha siku tatu mfululizo. Toka nje, uinue mikono, useme kwa wanaokusikia, "Nilijua." Hawatauliza ulijua nini.

Wiki chache baadaye utaona kitu cha ajabu. Kwenye ule udongo wako uliofagiwa, kando ya uzio upande wa mama wa Uvira, itaota mistari ya lengalenga, mizito, yenye majani mapana. Hukuipanda. Mbegu zake ni ndogo sana, upepo wa Agosti uliziokota kwake ukazimwaga kwako, na zilikuwa zimelala humo muda wote huo ulipokuwa unahangaika na stroberi. Usishangae mbele ya watu. Palilia kidogo. Waambie ni aina uliyoichagua kwa sababu inavumilia jua.

Ikifika kiuno, chuma fungu moja zuri, lifunge kwa ukamba wa mgomba, ulipitishe juu ya uzio. Atalipokea kwa mikono miwili, atayatazama majani, atakutazama wewe, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu atasema, "Aksanti sana, papa." Mjibu kwa upole. Mwambie akitaka mbegu, aje, utampa.